Siku Rimoti Ilipokuwa Mkononi mwa Mama

Usiku wa Nanenane mwaka 2024 nilitia chumvi kwenye chai. Hazikuwa chembe chache zilizodondoka kwa bahati mbaya. Nilichota vijiko sita kutoka kwenye kopo lisilo lake, nikakoroga, nikajaza chupa, nikaipeleka sebuleni ambako mume wangu na wageni wake watatu walikuwa wakiangalia Simba na Yanga. Ilikuwa mechi ya Ngao ya Jamii, ile ambayo Yanga walishinda bao 1-0. Mgeni wa kwanza alionja, akatulia, akakirudisha kikombe mezani kwa heshima zote. Wa pili akaangua kicheko. Mume wangu ni Simba, na kwa dakika ile hakuwa na sababu ya kucheka. Akaita: "Mama, leo umetuwekea nini?" Nikarudi jikoni, nikapindua ndoo, nikaikalia, nikalia.

Mpenzi msomaji, sikulia kwa ajili ya chai. Mimi ni mhasibu. Ofisi yetu hufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni, na yeyote aliyewahi kushika daftari la hesabu anazijua wiki zile: vocha zisizo na viambatisho, salio la benki linalokataa kulingana na la kwetu, mkuu anayeulizia taarifa ambayo hujapata hata nafasi ya kuianza. Tangu katikati ya Juni nilikuwa nikitoka kazini saa mbili usiku, siku nyingine saa tatu. Nilipanda daladala nikiwa nimesimama, nikafika nyumbani watoto wamelala. Jumatano tarehe 7 Agosti tukakabidhi vitabu. Kesho yake ilikuwa sikukuu, na kwa wiki saba nilikuwa nimeiota sikukuu hiyo. Nilipoipata niliitumia hivi: asubuhi nilifua, mchana nilipika, alasiri nilikwenda sokoni, na jioni wakaja wageni wa mpira.

Sisimulii haya ili nimseme mume wangu. Ni mtu mwema, naye kazi yake si nyepesi. Lakini akirudi jioni huvua viatu, huketi, huwasha runinga na kuangalia mpira, na hakuna mtu nyumbani mwetu, mimi nikiwa wa kwanza, anayemuuliza kitu. Tunawaambia watoto, "Msimsumbue baba, amechoka." Mama akiketi hivyo hivyo saa ile ile, watoto humjia wakamshika paji la uso. Kwetu baba huchoka, mama huumwa.

Jumamosi usiku

Siku mbili baadaye, tulipomaliza chakula cha usiku, mume wangu aliichukua rimoti akaniwekea mkononi. "Leo unataka kuangalia nini?" Katika miaka kumi na saba ya ndoa sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo, na naona haya kusema kwamba sikuwa na jibu. Tamthilia zilikuwa zimenipita tangu Juni, hata sikujua nani amemwoa nani. Ndipo nikakumbuka kwamba Olimpiki ilikuwa ikiendelea Paris, na usiku ule ndiyo ulikuwa wa fainali ya mita 1500 ya wanawake.

Niseme kidogo kwa nini mbio hiyo. Nilipokuwa sekondari nilikimbia mita 1500 nikafika mashindano ya UMISSETA ngazi ya mkoa. Sikwenda mbali zaidi ya hapo, lakini ni mbio ninayoijua kwa miguu yangu. Ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja. Ni ndefu mno kuikimbia kwa pumzi moja, tena ni fupi mno kwa mtu anayetaka kujificha nyuma ya wenzake. Unafikiri muda wote. Kwa dakika nne huwezi kufikiria jambo jingine lolote, hata salio la benki.

Kwenye mstari alisimama Faith Kipyegon wa Kenya, jirani yetu, aliyekuwa na dhahabu ya mbio hiyo kutoka Rio mwaka 2016 na nyingine kutoka Tokyo mwaka 2021. Siku tano kabla ya hapo, kwenye mita 5000, alikuwa amesukumana na Gudaf Tsegay wa Ethiopia. Waamuzi wakamfuta, na baada ya rufaa wakamrudishia medali yake ya fedha. Sasa Tsegay huyo huyo aliongoza kwa kasi kubwa tangu mwanzo. Kipyegon akamfuata taratibu, kama mtu anayejua mlango utafunguliwa saa ngapi. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Muda mfupi baadaye aliondoka, na aliyetaka kumfuata hakuweza. Dakika 3 na sekunde 51.29, rekodi ya Olimpiki, na hakuna mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kushinda mita 1500 ya Olimpiki mara tatu mfululizo.

Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Binti yetu wa darasa la sita, ambaye alikuwa amejibanza pembeni yangu, akauliza, "Mama, huyu naye ni mama?" Nikamwambia ndiyo, ana mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka 2018, na ile dhahabu ya Tokyo aliipata akiwa tayari amezaa. Akafikiri kidogo. "Sasa akienda mazoezini, nani anapika?" Baba yake akaangalia dari. Mimi najua tu kwamba mume wa Kipyegon ni Timothy Kitum, ambaye mwenyewe alipata shaba ya mita 800 London mwaka 2012. Kwa hiyo nilimjibu mtoto kwamba huyo mama ameolewa na mtu anayejua mazoezi ni nini. Hakuridhika.

Kupumzika ukiwa na hatia

Lakini ngoja nikwambie jambo ambalo sikulisema usiku ule. Katika saa moja niliyoketi pale niliinuka mara tatu. Mara ya kwanza kuangalia maharage, mara ya pili kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa, na mara ya tatu sijui hata nilikwenda kufanya nini. Moyoni sauti ilikuwa ikisema: "Umekaa tu? Sare za shule zimepigwa pasi?"

Nilikuja kusoma baadaye kwamba jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2014 Leonard Reinecke wa Ujerumani na wenzake wawili walichapisha uchunguzi uliohusisha watu zaidi ya 400. Waliwauliza walivyojisikia baada ya kazi au masomo, na kama kuangalia televisheni au kucheza michezo ya video kuliwapumzisha. Waliochoka zaidi, ambao ndio wangetarajiwa kufaidika zaidi, ndio waliojiona wanakwepa wajibu wao. Walijilaumu, na kwa sababu ya kujilaumu hawakupata nafuu kama wengine. Walikaa mbele ya runinga, wakainuka na uchovu wao. Niliposoma hayo niliyaona maharage yangu.

Watafiti wengine wawili, Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, walieleza mwaka 2007 mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi: kuiacha kazi hata kwa mawazo, kutulia mwili na akili, kujifunza au kumudu jambo lililo nje ya kazi, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako mwenyewe. Mchezo mzuri kwenye televisheni unaweza kukupa lile la kwanza kwa urahisi sana, kwa kuwa macho yakifuata mpira au mkimbiaji akili haina nafasi ya vocha. Ila hilo la nne ndilo lililonigusa. Kwa miaka mingi nimeketi pembeni ya mume wangu kwenye mechi zake, nikimenya vitunguu saumu mapajani, na nikahesabu kwamba nami nimepumzika. Wapi! Mechi hakuichagua mwingine ila yeye, nami nilikuwa kazini.

Tumelelewa hivyo, wala si kosa la mtu mmoja. Marehemu baba yangu alikuwa na redio kubwa iliyovikwa kitambaa cha kushonwa na mama. Hapo alisikiliza mpira wa Redio Tanzania, na hapo, alivyotusimulia mara nyingi kuliko tulivyotaka, alisikia kwamba Filbert Bayi ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Huku Bara televisheni ilianza mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi. Ilipofika mtaani kwetu tulijazana kwenye dirisha la jirani kuangalia Kombe la Dunia. Katika hayo yote simkumbuki mama yangu akiwa ameketi. Matokeo aliyapata kupitia dirisha la jiko, akapaza sauti kuuliza, "Nani kafunga?", na mara nyingi hakuna aliyemjibu.

Nasi Wakristo tumeongeza mzigo wetu juu ya huo. Tunamsifu mama asiyeketi, na kwenye misiba yetu husemwa kwamba marehemu hakujua kupumzika, watu wakaitikia kwa kichwa. Lakini fungua Marko sura ya 6. Mitume wanarudi kutoka kazini, watu wanaingia na kutoka hata nafasi ya kula hawana, na Bwana anawaita waende mahali pasipo na watu wapumzike kidogo. Hakuwauliza kama kazi imekwisha. Kisha soma kinachofuata, maana kila mama atacheka: umati unakimbia kwa miguu na kuwatangulia kule kule! Soma pia 1 Wafalme 19. Eliya yuko chini ya mti, amechoka hata anaomba kufa. Hakuhubiriwa. Alipewa usingizi, akaamshwa ale, akalala tena, akaamshwa ale tena. Agizo la kazi lilikuja baadaye sana.

Na dada wa kazi?

Hapa nilikamatwa. Nilipokuwa nashangilia sebuleni, nani aliosha vyombo? Dada wa kazi. Msichana wa miaka ishirini, aliyeamka saa kumi na moja alfajiri siku zote saba za wiki katika wiki zangu zile saba, kwa sababu mimi sikuwepo. Baba alipumzika juu ya mgongo wa mama, na sasa mama alikuwa anapumzika juu ya mgongo wa binti wa watu. Amri ya Sabato katika Kutoka 20 inamtaja mtumishi wa kike waziwazi, na Kumbukumbu la Torati 5 linatoa na sababu: naye apumzike kama wewe.

Tulizungumza kama familia. Nakushauri, dada yangu, zungumza na mwenzio mchana, mkiwa mmeshiba; usianze wakati wa penalti. Tulikubaliana kwamba vyombo vya Jumamosi usiku ni vya baba na kijana wetu wa kidato cha pili, na dada ana Jumamosi yake kuanzia saa nane mchana. Wiki ya kwanza sufuria zilirudi kabatini na ukoko. Sikusema neno, ingawa ulimi uliwasha. Ukimkabidhi mtu kazi halafu ukasimama nyuma yake, hujapumzika wewe wala hajajifunza yeye. Dada mwenyewe, alipoulizwa angependa kuangalia nini, alisema anapenda masumbwi. Tulidhani anatania.

Mchezo usiopumzisha

Si kila kuangalia ni kupumzika. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006 nchini Ujerumani, madaktari wa Munich na maeneo ya jirani walihesabu dharura za moyo. Siku timu yao ya taifa ilipocheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Kwa wanaume mara 3.26 na kwa wanawake mara 1.82. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2008, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Basi kama mzee wako ana shinikizo la damu na timu yake inacheza fainali, mkumbushe dawa zake kabla ya mechi, na usimwache peke yake.

Kisha kuna mkeka. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi alitueleza kwamba ada ya mtoto wa kidato cha tatu ilichanika kwa mechi moja ya Ulaya, timu ambayo mumewe hawezi hata kutaja wachezaji wake watatu. Yeye alidhani mumewe yuko kibanda umiza anapunguza mawazo. Kumbe alikuwa anayaongeza. Mtu aliyeweka fedha kwenye mchezo hapumziki, yuko kazini, tena kazi isiyo na mshahara. Dalili zake si ngumu kuziona. Kwanza haangalii timu anayoipenda, anaangalia timu yoyote inayocheza. Pili, mechi ikiisha hasemi lolote kuhusu uchezaji. Na simu haiweki chini.

Sisemi kila anayekwenda kibanda umiza ni mcheza kamari. Wengine hawana king'amuzi nyumbani, au kifurushi kimekwisha, au wanapenda kushangilia na wenzao, na hilo halina ubaya. Lakini mume anayepumzika kila siku mahali ambapo mkewe hawezi kuketi naye, ipo siku atagundua kwamba wamezoea kupumzika kila mtu na njia yake, na kurudi ni safari.

Jumapili ile

Siku iliyofuata fainali ya Kipyegon ilikuwa Jumapili, tarehe 11 Agosti, na mbio za marathoni za wanawake zilianza Paris saa tatu asubuhi kwa saa za kwetu. Kwa mara ya kwanza wanawake ndio waliofunga riadha ya Olimpiki kwa marathoni, badala ya wanaume. Na sisi husali ibada ya pili, inayoanza saa tatu hiyo hiyo. Mume wangu aliniangalia kwa jicho la kunipima. "Mwanariadha, utafanyaje?"

Nilimkumbuka Eric Liddell, kijana wa Uskoti. Katika Olimpiki ya Paris pia, mwaka 1924, alikataa kukimbia mita 100 kwa kuwa michujo iliwekwa Jumapili. Akakimbia mita 400, mbio isiyokuwa yake hasa, akashinda kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata alikwenda China kuwa mmisionari, na alifia huko mwaka 1945 katika kambi ya wafungwa ya Wajapani. Miaka mia moja kamili baadaye, mji ule ule, na mimi kwenye kochi langu. Sitaki kumfanya Liddell fimbo ya kuwachapia wenzangu. Yeye mwenyewe hakuwalaumu waliokimbia.

Tulikwenda ibada ya kwanza, saa moja asubuhi. Watoto walilalamika njia nzima. Saa nne tulikuwa nyumbani, wakimbiaji wakiwa bado njiani, na tukaona mwisho wote: Sifan Hassan wa Uholanzi, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa ameshapata shaba ya mita 5000 na ya mita 10,000, akigongana na Tigst Assefa wa Ethiopia hatua chache kabla ya kumaliza, kisha akimpita kwa sekunde tatu. Hellen Obiri wa Kenya, mama mwingine, alipata shaba. Safari hii sikuinuka hata mara moja. Maharage yaliungua kidogo, na yaliliwa.

Mwaka uliofuata, Septemba 2025, tulikuwa tena kwenye hesabu, na mashindano ya dunia ya riadha yalikuwa Tokyo. Marathoni ya wanaume ilianguka usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15, kwetu ikianza baada ya saa saba usiku. Nilimwambia mume wangu aniamshe. Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha, na yeye amesimama mlangoni, macho mekundu, hawezi kuficha meno. Alphonce Simbu alikuwa amemshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kabisa katika mashindano hayo.

"Mbona hukuniamsha?"

"Nilikuja mara mbili. Ulikuwa umelala vizuri."

Nilinuna. Nilipanda daladala nimenuna, na ofisini nikamkuta kila mtu akiisimulia mbio ile kana kwamba alikuwa pale barabarani Tokyo. Jioni nikaangalia marudio mara nne, mfululizo. Mara ya nne mume wangu aliniletea kikombe cha chai, nikaionja kwanza kabla ya kumshukuru.